Tyubu au chupa ya koni, LB au TB: namna ya kuchagua unapootesha bakteria kwenye mchuzi

Anayeanza kuotesha bakteria kwenye mchuzi huuliza mambo mawili: nitumie chombo gani, na mchuzi upi, yaani chakula cha majimaji cha bakteria: LB, TB au mwingine? Mara nyingi anajibiwa kwa mazoea ya maabara aliyoikuta. "Sisi hapa tunatumia LB, mililita tano, usiku kucha." Mazoea hayo yanatosha kabisa maadamu kazi ni ileile ya kila siku. Tatizo huja pale kazi inapobadilika na chombo kikabaki kilekile.

Mimi huanza na swali jingine: kesho asubuhi unataka kuvuna nini? Plasmidi, yaani duara dogo la DNA linalobebwa na seli? Protini? Takwimu za kasi ya ukuaji? Au seli za kuhifadhi kwenye friza? Mchuzi uliotibuka sana hupendeza macho, lakini wingi wa seli ni jambo moja na kile kilichomo ndani ya seli ni jambo jingine. Hapa nitazungumzia zaidi E. coli wa maabara, maana ndiye anayefanyiwa kazi zaidi, na mwishoni nitawagusa wengine ambao kanuni zake haziwafai.

Pleti kwanza, au mchuzi moja kwa moja?

Kuna wanaochokoa akiba ya bakteria iliyoganda kwenye friza kwa ncha ya pipeti na kuitumbukiza kwenye mchuzi papo hapo. Wengine huchora kwanza kwenye pleti (sahani ya chakula kilichogandishwa), wakangoja koloni, yaani vilundo vya seli, zitokee, kisha wakachukua koloni moja. Njia ya kwanza inaokoa siku nzima. Ya pili inakuonyesha unachokiotesha.

Mchuzi huficha. Bakteria wa aina mbili wakiingia kwenye tyubu moja, asubuhi unachokiona ni maji yaliyotibuka tu, na yule anayekua haraka ndiye atakayekuwa amejaa. Kwenye pleti mgeni anajitokeza: koloni yenye rangi tofauti, kingo tofauti, au kimo tofauti. Kwa hiyo kama unaandaa plasmidi ya kusomwa mfuatano wake, au protini utakayoishughulikia wiki nzima, anza na koloni moja kutoka kwenye pleti mbichi. Ukiwa unahitaji tu seli za jaribio la haraka na akiba yako ya friza unaiamini, nenda moja kwa moja. Akiba yenyewe iwe na gliseroli asilimia 15 hadi 25, ikae kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na usiiache iyeyuke yote kila unapoichokoa.

Chombo: hapa ndipo mavuno mengi hupotea

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilitakiwa kutoa protini nyingi. Nikachukua chupa ya koni ya lita moja, nikaijaza mchuzi mililita 700, nikaona nimebana matumizi vizuri. Jirani yangu wa meza alitumia mbegu ileile (mchuzi mdogo wenye seli za kuanzishia), chupa ya ukubwa uleule, ila yeye aliweka mililita 150. Asubuhi yangu ilikuwa imekwama kwenye OD (kipimo cha utibukaji wa mchuzi kwa mwanga) ya moja na kidogo. Yake ilikuwa imepita 4. Nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea kupima chumvi. Chumvi haikuwa na kosa lolote. Seli zangu zilikosa hewa.

Maji ya nyuzi 37 yaliyoshiba hewa hubeba takribani miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Mchuzi wenye seli nyingi unaweza kuimaliza akiba hiyo chini ya dakika moja. Kinachowaweka hai seli ni oksijeni inayoingia upya muda wote kupitia uso wa mchuzi, na uso huo ndio unaoupanua unapotikisa. Ukijaza chupa, uso unabaki uleule huku wanaopumua wakiongezeka. Wakikosa oksijeni hugeukia uchachushaji, wanatoa asidi, na ukuaji unasimama mapema.

Sasa tulinganishe.

Tyubu ya mililita 14 yenye kifuniko cha hatua mbili ni nzuri kwa mililita 2 hadi 5 za mbegu ya usiku au plasmidi kidogo. Uilaze kama nusu mshazari kwenye mashine ya kutikisa. Ikisimama wima mchuzi huzunguka kidogo tu chini, na seli hutuama. Kifuniko kikae kwenye hatua ya kwanza, ile ya kulegea. Ukikibonyeza hadi kikalia, umeifunga hewa nje. Ukitumia tyubu ya mililita 50 ya kufunga kwa kuzungusha, usizidishe mililita 10, na kifuniko ukiache kimelegea, ukikibana kwa kipande cha utepe kisidondoke.

Chupa ya koni ya kawaida ndiyo ninayoishauri kwa kazi nyingi kuanzia mililita 25. Kanuni: mchuzi usizidi moja ya tano ya ujazo wa chupa, na ukiweza baki kwenye moja ya kumi. Chupa ya mililita 250 ipate 25 hadi 50. Chupa ya lita 2 ipate 400, ukomo wake. Mizunguko 200 hadi 250 kwa dakika inatosha kwa mashine nyingi zenye mzunguko mpana wa milimita 25. Mwenye chupa moja kubwa na haja ya lita moja ya mchuzi agawe kwenye chupa kadhaa. Najua inachosha kuosha chupa tano badala ya moja, lakini inachosha zaidi kurudia siku tatu za kazi.

Chupa yenye matuta ndani huvunja mzunguko wa mchuzi na kuingiza hewa nyingi zaidi kwa kasi ileile. Nikiwa na TB, mchuzi wenye chakula kingi, au seli zenye njaa kubwa ya oksijeni, naichagua bila kusita. Ila ina hila yake: povu. Mchuzi wenye protini nyingi ukitikiswa kwenye matuta hupanda hadi shingoni, unalowanisha kizibo cha pamba, na pamba iliyolowa haipitishi hewa. Nimewahi kutoa chupa ya namna hiyo asubuhi nikakuta kizibo kimekuwa kizito kama sifongo na mchuzi chini yake umefifia kuliko ule wa chupa ya kawaida iliyokuwa kando yake. Tumia matuta kwa kasi ya chini kidogo, kama mizunguko 150 hadi 180, au ongeza tone la kizuia povu.

Pleti ya visima 96 vyenye kina inakufaa unapopima koloni nyingi kwa pamoja. Kisima cha mililita 2 kipewe nusu mililita hadi moja. Visima vya mraba hutikisika vizuri kuliko vya duara, kwa sababu pembe zake hufanya kazi kama matuta. Mchuzi ulio kwenye kisima chembamba hushikilia kuta, hivyo mzunguko mdogo wa milimita 3 unahitaji kasi inayokaribia 1000 kwa dakika ndipo mchuzi usogee. Ukitumia mashine ya kawaida kwa 200, visima vyako vitakuwa madimbwi yaliyotulia. Visima vya ukingoni hukauka haraka. Usilinganishe cha ukingoni na cha katikati ukadhani tofauti ni ya jeni.

Fementa ni ulimwengu mwingine. Hewa husukumwa ndani, kisukumizi huzungusha, kihisio husoma oksijeni na pH, na chakula huingizwa taratibu ili glukosi isizidi na kugeuzwa asetati. Kwa njia hiyo OD hupita 50. Ichague pale tu unapohitaji gramu nyingi za seli, au pale hali ya ukuaji yenyewe ndiyo utafiti wako. Kwa plasmidi ya kesho ni mzigo.

Mchuzi: LB, 2xYT, TB, M9

LB ina triptoni gramu 10, dondoo ya hamira gramu 5 na chumvi gramu 10 kwa lita. Hiyo ni ile iitwayo ya Miller. Ya Lennox ina chumvi gramu 5. Giuseppe Bertani aliyeitengeneza na kuichapisha mwaka 1951 alikuwa akichunguza lisojeni (hali ya virusi wa bakteria kujificha ndani ya seli), na herufi zile mbili zilitokana na kazi hiyo, ingawa watu wengi huzisoma kama majina ya wanasayansi wawili. Tofauti ya chumvi si ya kupuuza: zeosini, dawa ya kuua bakteria, hudhoofika kwenye chumvi nyingi, hivyo ukiitumia shika ya Lennox au yenye chumvi pungufu zaidi.

Uzuri wa LB ni urahisi wake. Inapikwa kwa dakika chache, E. coli hugawanyika humo kila dakika 20 hivi, na mavuno ya plasmidi yenye nakala nyingi ndani ya kila seli ni safi. Udhaifu wake haufahamiki sana. LB ina sukari kidogo mno. Seli huimaliza mapema na kuanza kula asidi amino, moja baada ya nyingine, na tayari kwenye OD ya karibu 0.3 ukuaji unaanza kubadilika. Kwa hiyo mtu anayepima kasi ya ukuaji kwenye LB anapima kitu kinachobadilika chini ya miguu yake. Tena kula asidi amino huacha amonia, na pH hupanda kuelekea 9 kufikia asubuhi.

TB ina triptoni 12, dondoo ya hamira 24, gliseroli mililita 4, na bafa ya fosfati ya kuzuia pH isikimbie. Ukiipa hewa ya kutosha OD hupita 10, mara kadhaa zaidi ya LB. Kwa protini, na kwa plasmidi yenye nakala chache, hii ndiyo chaguo langu. Fosfati uipike peke yake kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu), uichanganye baada ya kupoa. Ukiipika pamoja na vingine unaweza kupata mashapo. Lakini usidhani kila mahali TB itakuongezea. Ukichukua mililita 5 za TB ukazipitisha kwenye safu ndogo ya kusafishia plasmidi iliyopangiwa mililita 5 za LB, seli zinakuwa nyingi kuliko dawa ya kupasulia. Nusu yake haipasuki, ute unaziba safu, na unatoka na DNA kidogo, chafu. Kwa TB tumia mililita moja au mbili tu.

2xYT iko katikati: triptoni 16, dondoo 10, chumvi 5, bila bafa. Naitumia nikitaka nguvu zaidi ya LB bila kuhangaika na fosfati.

M9 ni kinyume cha hizo zote. Chumvi zinazojulikana, amonia, magnesi, kalsi, na chanzo kimoja cha kaboni, kwa kawaida glukosi asilimia 0.4. Unajua kila kilichomo. Seli hukua polepole, muda wa kujigawanya ukipanda hadi saa moja hivi, na zile zilizotoka LB hukaa muda mrefu zikijizoesha kabla ya kuanza. Ndiyo sababu mbegu ya jaribio la M9 nayo ioteshwe kwenye M9. Chagua hii kwa majaribio ya kasi ya ukuaji, kwa protini zinazohitaji nitrojeni au kaboni yenye alama ya isotopu, na popote ambapo lazima ueleze kwa uhakika seli zilikula nini. Glukosi na magnesi uziongeze baada ya kupika. Na kumbuka baadhi ya aina za E. coli za maabara zina kasoro za kurithi: DH5α, kwa mfano, haikui kwenye M9 bila kupewa thiamini.

SOC haingii kwenye mashindano haya. Ni ya saa moja ya kupumzisha seli zilizotoka kupokea DNA, na hapo inafaa kweli.

Mbegu ya usiku, au mchuzi mpya uliozimuliwa?

Kwa plasmidi, usiku kucha wa saa 12 hadi 16 ni sawa. Usiache ipitilize, maana seli zilizokaa kwenye njaa huanza kufa na kupasuka, DNA ya kromosomu inaingia kwenye mavuno yako. Kwa kila kitu kinachotegemea seli zinazokua kwa kasi, iwe kuchochea seli zitoe protini, kutengeneza seli za kupokea DNA au kupima dawa, zimua mbegu mara 100 kwenye mchuzi mpya asubuhi.

Hesabu yake ni rahisi na inasaidia kupanga siku. Mbegu ya OD 4 ikizimuliwa mara 100 inaanza kwenye 0.04. Kufika 0.64 lazima iongezeke maradufu mara nne, yaani dakika 80 kama kila mara ni dakika 20. Ongeza muda wa kuamka, na unapata kama saa mbili. Mchuzi ukiwa umetoka kwenye jokofu, saa hizo mbili zinakuwa tatu, kwa hiyo upashe moto kwanza.

Na OD yenyewe isome kwa uangalifu. Juu ya 0.5 hivi mashine nyingi huanza kudanganya, kwa kuwa mwanga uliotawanywa na seli moja hutawanywa tena na nyingine. Nilipima mchuzi mmoja bila kuzimua, ukasoma 1.1. Nikauzimua mara 10, ukasoma 0.21. Ukweli ulikuwa 2.1, na ningechelewa kuuchochea kwa muda mrefu kama ningeamini namba ya kwanza.

Ampisilini, kabenisilini au kanamaisini

Dawa hizi za kuua bakteria huwekwa kwenye mchuzi ili zibaki seli zenye plasmidi, ambayo hubeba kinga yake. Ukiwa na uhuru wa kuchagua plasmidi, chagua ya kanamaisini kwa mchuzi wa muda mrefu. Seli zenye kinga ya ampisilini hutoa kimeng'enya kinachovuja nje na kuila dawa yote ndani ya mchuzi. Dawa ikishaisha, seli zilizopoteza plasmidi hukua bila mzigo na kuzipita zenye nayo. Asubuhi una mchuzi mzito wenye plasmidi kidogo. Kinga ya kanamaisini hufanya kazi ndani ya seli, hivyo dawa hubaki nje ikilinda. Kama lazima uwe na ampisilini, badilisha na kabenisilini, ambayo haivunjiki upesi, au zungusha mbegu kwenye sentrifuji na utupe mchuzi wake wa zamani kabla ya kuzimua. Dawa yoyote iingie mchuzi ukiwa umepoa chini ya nyuzi 50.

Kuchochea protini: IPTG au mchuzi unaojichochea

IPTG, kemikali inayowasha jeni la protini unayoitaka, inakupa usukani. Unangoja OD ya 0.6, unaweka 0.1 hadi 1 mM, na unachagua joto. Nyuzi 37 kwa saa 3 au 4 hutoa protini nyingi haraka, lakini nyingi yake inaweza kujikunja vibaya na kuwa mabonge. Kwa protini ngumu shusha hadi 18 na uache usiku kucha. Utapata pungufu kwa jumla na zaidi iliyoyeyuka, ambayo ndiyo utakayoitumia. Poza mchuzi kwanza, ndipo uchochee.

Mchuzi unaojichochea, ambao William Studier aliuchapisha mwaka 2005, una glukosi kidogo, laktosi na gliseroli. Seli hula glukosi kwanza, na inapokwisha laktosi huanza kuwasha jeni. Unapanda mbegu jioni na kulala. Kwa kupima koloni 24 kwa wakati mmoja, ambazo haziwezi kufika 0.6 dakika moja, hakuna kinacholingana nao. Ila kwa protini yenye sumu kwa seli, au unapotaka kujua saa kamili ya kuanza, rudi kwa IPTG. Na hewa tena: mchuzi huu huenda kwenye OD kubwa, kwa hiyo chupa isijazwe.

Wasiofuata kanuni za E. coli

Laktobasili huwekwa kwenye mchuzi wa MRS, tyubu karibu ijae, bila kutikisa. Streptomyces hujisokota kuwa vidonge; weka springi ya chuma ndani ya chupa ivitawanye. Mycobacterium hushikamana mabonge, na Tween 80 (sabuni laini) kidogo huyaachanisha. Bacillus subtilis akiachwa ametulia hutandaza utando juu ya mchuzi, na OD ya chini ya utando haikuambii lolote.

Kama bado unasita kuhusu chupa zako, fanya jaribio la asubuhi moja. Chukua chupa mbili za mililita 250 na mbegu moja. Moja uipe LB mililita 25, nyingine 150, zote zikizimuliwa mara 100, mashine ileile, kasi ileile. Pima kila nusu saa na uandike kwenye karatasi moja. Kwa saa ya kwanza na nusu namba zitaenda pamoja, na utadhani nimekupotosha. Endelea kupima hadi saa ya tano. Ukimaliza, zungusha chupa ya mililita 25 polepole mbele ya taa: seli zenye afya huonyesha mawimbi yanayong'aa kama hariri. Ukiona nyuzinyuzi na maji yaliyoanza kung'aa kama yamechujwa, faji, yaani virusi wanaoua bakteria, wameingia. Chupa hiyo ipelekwe kwenye otoklevu kabla hujagusa kitu kingine mezani.